Kaliba Moja kwa Wanyama Wote: Safari ya Neno na ya Bunduki Bondeni Kilombero

Wawindaji wamelibishania swali moja kwa zaidi ya karne nzima: mtu akiruhusiwa kubeba bunduki moja tu, ya kumfaa kwa wanyama wote wakubwa, kuanzia swala hadi tembo, achague ya kaliba gani? Mimi sijawahi kuwinda hata kanga. Swali hili lilinijia kwa mlango wa lugha, siku tulipokaa Malinyi kuandaa wasifu wa marehemu babu yangu mzaa mama ili usomwe siku ya kuanua matanga. Babu alikuwa na gobore moja, na kwa gobore hilo aliwinda kila alichokiwinda. Mjomba alitaka tuandike hivyo. Nilipoanza kuandika nikakwama mara mbili: kwanza, sikuwa na hakika na neno la kutaja ukubwa wa tundu la bunduki, pili, sikujua nimwite babu nani. Makala haya yametokana na kukwama huko.

Tuanze na neno. Msomaji wa magazeti yetu ya michezo analijua neno *kaliba*: mchezaji wa kaliba ya juu, kocha wa kaliba hiyo. Hapo maana yake ni kiwango au hadhi. Limetufikia kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa, ambako maana yake ya awali ilikuwa kipenyo cha tundu la bunduki au mzinga. Lakini Kifaransa nacho hakikulizaa. Wanaisimu walio wengi hulirudisha kwenye neno la Kiarabu *qalib*, yaani umbo la kusubia madini, ambalo nalo lina asili ya Kiyunani, katika jina la kigogo cha mshona viatu.

Mpenzi wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapa, kwa kuwa neno lilo hilo la Kiarabu tulikuwa nalo zamani. Kamusi zetu zina *kalibu*: chombo ambamo madini yaliyoyeyushwa humiminwa ili yapate umbo. Neno moja, basi, limeingia nyumbani kwetu kwa milango miwili. Mara ya kwanza lilikuja kwa jahazi, likafika kwa mafundi wa pwani kama kalibu. Mara ya pili lilizunguka Ulaya, likarudi kama kaliba na kukaa katika kurasa za michezo. Ndugu hawa wawili wameishi miaka mingi katika kamusi moja bila kujuana. Na bado bunduki huwakutanisha, kwa sababu risasi za zamani zilisubiwa katika kalibu, na upana wa kalibu ndio uliokuwa kaliba ya risasi.

*Bunduki* nalo lina kisa chake. Kwa Kiarabu *bunduq* ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, jamii ya njugu. Kwa kufanana umbo, jina likapewa kitunguu cha udongo au madini kilichorushwa kwa upinde, kisha likahamia kwenye chombo kilichokirusha. Kwa hiyo bunduki imepewa jina na risasi yake. *Risasi* ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. *Kasiba*, yaani mtutu, linatokana na tete. Penye mzinga wa vita hatukuazima neno: tuliutazama mzinga wa nyuki, gogo lililochongwa likawa tupu ndani, tukaona yatosha.

Sasa tulitazame bonde. Malinyi iko upande wa kusini-magharibi wa bonde la Kilombero, mbele ya Ifakara na Lupiro kwa anayeelekea Ruvuma. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge, na kati yake uwanda ambao masika huwa bahari ya maji matamu na kiangazi huwa bahari ya nyasi. Mwaka 2002 ardhioevu hii iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Hapa ndipo nyumbani pa sheshe, swala wa maeneo ya maji ambaye kwa muda mrefu idadi yake kubwa kuliko popote duniani ilikuwa katika uwanda huu, kabla ya mifugo na mashamba kumpunguza mno.

Mtu akitaka kuelewa ugumu wa lile swali la kaliba, uwanda huu ni darasa tosha. Sheshe dume ana uzito wa kilo 70 hivi, na husimama mbali, mahali peupe. Nyati dume hufikia kilo 700, naye hupenda matete marefu, ambamo mtu na mnyama huonana wakiwa hatua chache tu. Kiboko dume huweza kupita kilo 1,500. Tembo dume hufikia tani 5 na zaidi, na ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye matundu kama sega la nyuki. Risasi nyepesi yenye mwendo mkali humfikia sheshe kwa mbali, lakini huweza kuvunjika kwenye bega la nyati. Risasi nzito na nene humpasua nyati mfupa, lakini hushuka upesi ikitumwa mbali, na teke lake humfanya mpigaji afumbe macho kabla ya kufyatua. Gharama ya kukosea huwa ni mnyama aliyejeruhiwa, anayekufa polepole porini au anayemngoja binadamu kwenye matete.

Kabla ya bunduki, wenyeji walikuwa na jibu lao. Wandamba, watu wa mito, wa mitumbwi na wa samaki, walikuwa pia wasasi mashuhuri. Mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alichapisha katika jarida la wanaanthropolojia wa Uingereza makala juu ya mila za uwindaji za Wandamba wa bonde la Ulanga, jina jingine la bonde hili. Kwamba mila hizo zilistahili makala nzima katika jarida la wasomi ni ushahidi kwamba uwindaji hapa ulikuwa elimu, wenye waganga wake, miiko yake na mgawo wake wa nyama. Mkuki hauna kaliba. Una mkono, na una ujasiri wa kusogea karibu.

Gobore lilipofika kutoka pwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu, lilileta jibu la pili. Bunduki za kushindilia zilikuwa na hatua zake: ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe, kisha ya fataki. Mwenye gobore hakuwa na haja ya kumiliki bunduki nyingi, kwa kuwa alichokibadili kilikuwa shehena. Kwa kanga alitia baruti kidogo na marisau. Kwa mnyama mkubwa alitia baruti nyingi, kitambaa, na risasi moja nzito, au kipande cha chuma kilichokatwa nyumbani. Babu alipima kwa vidole: ufito wa kushindilia ukishafika chini, sehemu inayojitokeza mdomoni mwa kasiba hupimwa kwa upana wa vidole, hivi kwa mnyama huyu, hivi kwa yule. Akizidisha, gobore lingeweza kumpasukia usoni. Bunduki yake ilikuwa moja, lakini vipimo vilikuwa vingi, na vyote vilikaa katika kumbukumbu ya mkono.

Wazungu nao walianza kwa njia isiyo mbali na hiyo. Waingereza wa kale walipotaka kutaja ukubwa wa kasiba hawakupima upana. Walichukua ratili moja ya madini ya risasi na kuhesabu ni vitufe vingapi sawasawa vyenye upana wa kasiba hiyo vingepatikana. Vikipatikana 12, bunduki iliitwa ya 12. Vikipatikana 4, iliitwa ya 4. Ndiyo maana namba ikikua, tundu hupungua, na ndiyo maana bunduki za marisau zinaitwa ya 12 hadi leo. Kaliba ilipimwa kwa mizani. Washairi tulishike neno hilo, nitalirudia.

Mwishoni mwa karne ya 19 baruti isiyo na moshi ilibadili mambo. Risasi nyembamba iliweza sasa kwenda kwa kasi ambayo gobore halikuiota. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, alitoa risasi ya milimita 9.3 iliyotengenezwa ili itoshee katika bunduki ya kawaida ya Mauser ya mwaka 1898. Ilikusudiwa wawindaji na walowezi wa makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na koloni kubwa kuliko yote ilikuwa hii yetu. Bunduki ya bei nafuu, risasi ya gramu 18 na ushei, kaliba moja ya kutosha kwa wanyama wote: hilo lilikuwa jibu la Berlin.

Na mwaka ulikuwa 1905. Mwaka huohuo watu wa kusini mwa koloni hilo walitoa jibu lao kwa risasi ya Mjerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kusambaa, pamoja na imani kwamba risasi ikimgusa aliyeyapokea itageuka maji. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, juu ya bonde hili, nao wakapokewa kwa bombomu. Wengi walianguka bila kufika ukutani. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alisimama upande wa Wajerumani, na kumbukumbu ya mgawanyiko ule haijafutika kabisa. Sisemi kwamba fundi wa Berlin alijua habari za Mahenge, wala Mahenge habari za Berlin. Nasema tu kwamba mwaka mmoja ulizaa risasi ya kuua kila mnyama wa nchi hii, na maji ya kuizima kila risasi. Ya kwanza inauzwa madukani mpaka leo. Ya pili ilitupatia jina la vita, na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hivyo.

Uwindaji haukuwa kando ya ugomvi huo. Tangu 1896 gavana Hermann von Wissmann alikuwa ametoa amri ya kudhibiti uwindaji kwa vibali na kutenga mapori yasiyowindwa, mojawapo upande wa Rufiji. Sheria ilimtaka mwindaji awe na karatasi, na karatasi ilikuwa na bei. Msasi wa bondeni aliamka siku moja akakuta mnyama aliyekula mpunga wake ana mwenyewe.

Waingereza nao walikuwa na majibu yao. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi ya .375, yaani sehemu 375 za elfu za inchi, sawa na milimita 9.5. Humrusha kitu cha gramu 19 hivi kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Haikuwa kubwa kuliko zote wala ya kasi kuliko zote. Sifa yake ni kwamba ilisimama katikati: nyoofu ya kutosha kumfikia sheshe kwa mbali, nzito ya kutosha kupenya bega la nyati, na teke lake huvumilika kwa mtu wa kawaida. John Taylor, aliyewinda miaka mingi Msumbiji, aliisifu mno katika kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya bunduki na risasi za Afrika. Leo nchi nyingi za Afrika zimeifanya kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Kama kuna jibu moja lililoshinda katika mjadala huu, ni hilo.

Lakini yupo aliyelikanusha kwa vitendo. W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa lakabu ya Karamoja kwa ajili ya nchi ya Uganda alikowinda, aliua zaidi ya tembo 1,000, na wengi kati yao kwa risasi ya milimita 7 tu, ambayo wengine waliiona ya swala. Siri yake haikuwa kasiba. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande anaoutazama, kisha akaweka risasi pale. Watu wenye bunduki nene mara mbili ya yake walijeruhi, yeye aliua. Hesabu ile inatisha leo, na sipendi kuisifu. Ila hoja yake haina jawabu: upana wa risasi haumtoi mtu ujinga wa mahali.

Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika, iliyoanza chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na swali hilohilo kwa sura ya serikali: askari wa wanyamapori wapewe bunduki gani ya kuwafukuza na kuwaua tembo waliovamia mashamba? Chaguo lililoenea lilikuwa .404 ya W. J. Jeffery, risasi ya gramu 26 hivi. Mpenzi wa maneno aitazame namba hiyo vizuri. Risasi ya .404 haina upana wa .404, bali .423. Ile ya .470 ina .475. Namba hizi hazipimi tena. Ni majina, kama mtu aitwaye Juma aliyezaliwa Jumanne. Na majina hayo yana siasa. Waingereza walipohofia kwamba risasi za .450 zingewafaa waasi wa India na Sudan waliokuwa na bunduki za kijeshi za upana huo, walizipiga marufuku huko, na viwanda vikabuni upana mwingine mpya. Zile .465 na .470 zilizaliwa kwa hofu ya dola, si kwa haja ya mwindaji.

Uhuru ulikuja, na sheria ikabaki na kalamu mkononi. Mwaka 1973 Tanzania ilisimamisha uwindaji. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la umma la TAWICO, na mwaka 1978 uwindaji ukafunguliwa tena. Katika miaka hiyo hiyo na iliyofuata bunduki za kivita, ambazo hazikuundwa kwa mnyama yeyote, ziliingia porini. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu. Bado, katika ikolojia ya Selous, iliyo jirani na bonde letu, tembo waliokuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 walibaki 13,000 hivi katika sensa ya mwaka 2013. Hapo hapakuwa tena na mjadala wa kaliba. Bunduki inayomimina risasi 30 kwa pumzi moja haimwulizi mpigaji anapajua wapi.

Katikati ya mambo hayo, babu alisalimisha gobore lake. Hakushtakiwa, ila aliandikwa. Katika daftari la siku ile aliitwa *jangili*, neno lenye asili ya Kihindi, la nyika na mwitu, ambalo Kiswahili cha sasa kimelipa maana moja tu ya hukumu. Baba yake aliitwa msasi. Kitendo kilikuwa kilekile, gobore lilikuwa lilelile, na vipimo vya vidole vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni neno. Silaumu sheria ya kuhifadhi. Bila hiyo wajukuu wangemjua sheshe kwa jina tu. Ninachokataa ni neno moja kutumika kwa wote: kwa mzee aliyetafuta kitoweo na kwa mwenye rashasha aliyeacha mzoga na kuondoka na meno. Hilo nalo ni kutaka kaliba moja kwa wanyama wote.

Na hapa nirudi kwenye mizani, kama nilivyoahidi. Sisi washairi tuna .375 yetu. Ni shairi la mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Limetumika kwa mapenzi na kwa siasa, kwa kuomboleza na kwa kuchombeza, na kwa kuwa limesimama katikati, limetufaa. Tunalo pia gobore letu, utenzi wa mizani nane, ambao kwa kubadili shehena tu hubeba vita, dini na mawaidha. Sioni aibu ya mshairi kuishi na bahari moja maisha yake yote. Aibu ni kudhani bahari ndiyo itakayopiga shabaha. Asiyejua moyo wa jambo ulipo ataongeza vina, ataongeza maneno mazito, na jambo litaondoka limejeruhiwa tu.

Tuliandika wasifu usiku ule. Kwa tundu la bunduki nilitumia *kaliba*, bila kuomba radhi, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani aliyerudi kutoka safari. Anayetaka usahihi wa fundi atumie *kipenyo*, na anayesuba atumie *kalibu*. Kwa babu, binamu mmoja alishauri tuandike “mkulima”, ili tusiguse jeraha. Mjomba akakaa kimya, kisha akanyoosha mkono na kuweka vidole vitatu juu ya meza, akatuuliza hicho ni kipimo cha mnyama gani. Hakuna kijana aliyejua. Akasema ni cha nyati, na kwamba hakuna mkulima aliyezaliwa akikijua.

Niliandika “msasi”. Asubuhi ilisomwa hivyo mbele ya watu, na wazee waliokaa chini ya mwembe waliitikia kwa vichwa.